Kunyimwa, Kuvuliwa, Kuzuiwa: Maneno ya Kiingereza Kuhusu Haki ya Kura na Maana Zake

Katika semina ya viongozi wa Haki na Amani iliyofanyika parokiani kwetu, tulikabidhiwa kijitabu cha elimu ya uraia kilichoandikwa kwa Kiingereza, tukaombwa kukifasiri ili kipate kusomwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Kazi ilikwenda vema mpaka tulipoifikia sentensi moja fupi iliyosema kwamba hakuna raia apaswaye kuwa "disenfranchised". Makatekista watatu walileta tafsiri tatu. Wa kwanza aliandika "kupoteza haki ya kupiga kura"; wa pili aliandika "kunyimwa"; wa tatu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi sote, aliandika "kuvuliwa".

Tulidhani jambo hilo ni dogo na kwamba lingemalizika kabla ya chai. Ndipo mzee mmoja wa jumuiya akainua mkono, akasema: "Tumsifu Yesu Kristo. Baba, kama ni hivyo, basi na mimi nimo humo. Haki yangu niliipoteza tangu ile kadi ilipopotea, na ndiyo maana siku ya kura huwa nakwenda shambani." Mzee huyo alikuwa amekaa nje ya uchaguzi zaidi ya mmoja akiamini kwamba hana tena haki, kwa sababu tu amepotewa na kipande cha kadi. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Alijihukumu mwenyewe, na neno "kupoteza" ndilo lililomtolea hukumu.

Tangu siku hiyo tumeona ni vema kuyaeleza maneno haya kwa utaratibu, maana yanazidi kusikika redioni, katika taarifa za waangalizi wa uchaguzi na hata katika matamko ya mashirika ya dini, nayo hufasiriwa ovyo.

Tuanze na shina lake. Neno "franchise" liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nalo limezaliwa na neno "franc", lenye maana ya mtu huru. Hapo mwanzo "franchise" halikuhusu kura hata kidogo. Lilimaanisha uhuru, au msamaha wa wajibu fulani, au upendeleo uliotolewa na mfalme kwa mji, kwa monasteri au kwa chama cha mafundi. Katika mji kama London, fundi aliyekubaliwa kuwa mtu huru wa mji aliruhusiwa kufungua duka na kufanya biashara ndani ya mipaka yake. Akivunja kiapo chake, wakuu wa mji waliweza kumwondolea uhuru huo. Kitendo hicho cha kumwondolea ndicho kilichoitwa "disfranchise", na neno hilo limetumika tangu karne ya 15. Kinyume chake, "enfranchise", lilimaanisha kumwachia huru mtumwa au kumpokea mgeni katika uhuru wa mji. Maana ya kura ilikuja kushika nafasi ya kwanza baadaye sana, kuelekea mwisho wa karne ya 18.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa kuona neno la uhuru likisafiri hivyo. Pwani yetu ilikuwa na neno "mwungwana", aliyekuwa mtu huru asiye mtumwa. Leo tukimwita mtu mwungwana tunamaanisha kwamba ana adabu na maneno yake ni ya kuaminika. Waingereza nao, kutoka shina lile lile la "franc", walipata neno "frank", yaani msema kweli asiyeficha. Katika lugha zote mbili hadhi ya mtu huru imegeuka kuwa tabia njema, na watu wamesahau kwamba upande wa pili wa neno hilo alisimama mtumwa.

Vijana wetu wanalifahamu neno "franchise" kwa sababu ya migahawa ya kuku na timu za mpira wa kikapu. Hilo nalo ni tawi la mti ule ule: ruhusa ya kufanya biashara kwa jina la mwingine. Hatutalifuata.

Je, kuna tofauti gani kati ya "disfranchise" na "disenfranchise"? Swali hili tuliulizwa mara tatu katika semina, na mmoja wetu alikuwa tayari amejenga nadharia nzima kwamba la kwanza ni kosa la serikali na la pili ni kosa la mtu binafsi. Ukweli ni mwepesi kuliko hapo. Maneno hayo mawili yana maana moja. La kwanza ndilo la zamani zaidi. La pili lilitokea katika karne ya 17, nalo ndilo linalotumika zaidi siku hizi. Mwandishi achague mojawapo na adumu nalo.

Ugumu wenyewe uko mahali pengine. Neno hilo la Kiingereza daima lina mtendaji ndani yake. Yupo aliyeondoa, awe mfalme, bunge, mahakama au karani wa uandikishaji. Kiswahili, kwa utajiri wake wa vitenzi, hutulazimisha kusema ni mtendo wa namna gani. Aliyenyimwa ni yule ambaye mwenye kutoa alikataa kumpa. Aliyevuliwa alikuwa nayo, kama vazi au cheo, ikatolewa mwilini mwake mbele ya watu. Ndivyo tunavyosema kuvuliwa uanachama au kuvuliwa madaraka. Aliyezuiwa bado anayo, ila njia imefungwa. Aliyekosa hakuipata, pengine kwa bahati mbaya. Na aliyepoteza? Huyo tunamwuliza aliiweka wapi. "Kupoteza" ndilo neno pekee katika orodha hii linalomfuta mtendaji na kumwachia lawama mwenye haki.

Historia ya Kanisa nchini Ireland inatupa mfano ambao ndani yake vitenzi hivi karibu vyote vilipita juu ya watu wale wale. Tunaupenda mfano huu kwa sababu wamisionari wengi wa Shirika la Roho Mtakatifu walioijenga imani katika nchi jirani ya Kenya walitoka huko, nao walikuwa wajukuu na vitukuu vya watu hao.

Mwaka 1728 sheria ya Bunge la Ireland ilitamka kwamba Mkatoliki hawezi kupiga kura katika uchaguzi wa wabunge. Wakatoliki walikuwa sehemu kubwa ya wananchi wote. Walivuliwa, na neno "disfranchise" hapo linakaa mahali pake bila mashaka. Mwaka 1793 sheria nyingine iliwarudishia kura, lakini haikuwaruhusu kuketi bungeni. Sharti la mpiga kura wa mashambani lilikuwa kumiliki ardhi yenye thamani ya shilingi 40 kwa mwaka baada ya kutoa gharama. Shilingi hiyo ndiyo iliyotuachia jina la fedha yetu. Hivyo maelfu ya wakulima wadogo Wakatoliki wakawa wapiga kura, ingawa walipiga kura hadharani mbele ya mwenye shamba, na wengi waliogopa kufukuzwa.

Mwaka 1828 katika wilaya ya Clare wakulima hao walifanya jambo ambalo halikutazamiwa. Walimchagua Daniel O'Connell, mwanasheria Mkatoliki, wakijua kwamba hawezi kuketi bungeni bila kula kiapo cha kuikana Misa Takatifu na mageuzo ya mkate na divai. Serikali ya London iliogopa fujo, ikakubali. Mwezi Aprili 1829 ikapitishwa sheria ya kuwafungulia Wakatoliki milango ya Bunge, na vitabu vingi vya historia ya Kanisa husimulia habari hiyo kwa furaha na kuishia hapo.

Lakini wakati ule ule ilipitishwa sheria ya pili. Sharti la shilingi 40 lilifutwa huko Ireland, na mahali pake pakawekwa paundi 10, yaani mara tano ya kiwango cha awali. Wapiga kura wa wilaya za Ireland, waliokuwa yapata 216,000, walishuka hadi yapata 37,000. Wale wale walioubeba ushindi wa Clare walivuliwa kura zao kuwa malipo ya ushindi huo. Wakili, daktari na mfanyabiashara Mkatoliki walipata nafasi ya kuketi bungeni. Mkulima aliyewatuma akarudi kimya shambani. Sheria ile haikutaja dini yao popote. Ilitaja paundi tu.

Hapo tunajifunza jinsi neno hili linavyopaswa kusomwa. Mtu anaweza kuvuliwa haki kwa sheria isiyomtaja. Na "enfranchise" na "disfranchise" zinaweza kutendeka siku moja, katika jengo moja, kwa mkono mmoja, na wenye kufaidi la kwanza wasiwe wenye kuumizwa na la pili.

Waingereza walilitumia neno hilo kwa mahali pia, jambo linalowapotosha wafasiri. Sheria ya mageuzi ya mwaka 1832 ilivifuta viti vya miji 56 iliyokuwa na wabunge bila kuwa na watu. Kati yake ulikuwa Old Sarum, kilima kilicho karibu na Salisbury, ambacho zamani kilikuwa na kanisa kuu la askofu mpaka lilipohamishiwa bondeni katika karne ya 13. Watu waliondoka pamoja na kanisa lao, lakini wabunge wawili walibaki kwenye kilima kile kwa mamia ya miaka, wakichaguliwa na wapiga kura wachache kuliko wanakwaya wa kigango. Mji huo uliposemwa kuwa "disfranchised", maana yake ni kwamba ulifutiwa uwakilishi. Hapo "kunyimwa haki ya kupiga kura" lingekuwa kosa la tafsiri, na kulia juu ya jambo hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi. Neno lenyewe, basi, halisemi kama tendo ni la haki au la dhuluma. Hilo tunapaswa kulipima sisi. (Tukumbuke vilevile kwamba "jimbo" masikioni mwetu ni eneo la askofu na pia ni eneo la mbunge. Msomaji wa kijitabu chetu alifikiri Old Sarum ilinyang'anywa askofu.)

Huko Marekani neno hili limeshikamana na historia ya watu weusi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, rekebisho la 15 la Katiba, lililoidhinishwa mwaka 1870, lilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kwa sababu aliwahi kuwa mtumwa. Haki ikaandikwa, na haijafutwa hata leo. Hata hivyo, kuanzia Mississippi mwaka 1890, majimbo ya Kusini yaliweka masharti yasiyotaja rangi: kodi ya kulipwa kabla ya kupiga kura, na mtihani wa kusoma na kueleza kifungu cha katiba, ambao karani wa uandikishaji ndiye aliyeusahihisha. Louisiana iliongeza mwaka 1898 kile kinachoitwa kifungu cha babu: mtu ambaye baba yake au babu yake alikuwa na kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867 alisamehewa masharti ya kusoma na ya mali. Kwa kuwa babu wa watu weusi walikuwa watumwa, kila mtu alielewa kifungu hicho kimeandikwa kwa ajili ya nani. Katika jimbo hilo wapiga kura weusi walioandikishwa mwaka 1896 walikuwa zaidi ya 130,000. Mwaka 1900 walikuwa 5,320.

Je, watu hao walivuliwa au walizuiwa? Katiba ya nchi yao iliendelea kusema wanayo haki. Kiingereza cha wakati huo kilisema walikuwa "disfranchised", nacho kilisema kweli, kwa maana haki isiyoweza kutumiwa na mtu yeyote katika kijiji kizima imebaki kwenye karatasi tu. Siku hizi Waingereza na Wamarekani wanatumia pia maneno "voter suppression", yaani kuwazuia au kuwakatisha tamaa wapiga kura bila kufuta haki yao: vituo kupunguzwa, foleni kurefushwa, majina kuondolewa daftarini kwa haraka, habari za uongo kuhusu tarehe. Tunashauri maneno haya mawili yasichanganywe. Anayezuiwa anahitaji njia ifunguliwe. Aliyevuliwa anahitaji sheria ibadilishwe. Huko Kusini mwa Marekani ilihitajika Sheria ya Haki za Kupiga Kura, iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, ili vizuizi hivyo vianze kuondolewa.

Kuna tawi lingine ambalo msomaji atakutana nalo katika habari za Marekani, nalo ni "felony disenfranchisement": kuvuliwa kura kwa sababu ya kuhukumiwa kwa kosa kubwa la jinai. Majimbo yanatofautiana sana. Huko Maine na Vermont mfungwa hupiga kura akiwa gerezani. Kwingine amemaliza kifungo chake na bado yuko nje ya daftari. Sisi tunaotembelea magereza siku ya Mtakatifu Maksimiliani Kolbe na siku nyingine, tunajua kwamba swali hilo haliko mbali nasi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 5, inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia mtu kwa sababu chache: uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria ya uchaguzi kilichowaondolea kura wafungwa wenye kifungo kinachozidi miezi sita kilipingana na Katiba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 83, inakwenda hatua moja ambayo tunaiona ni ya busara: inaagiza kwamba mipango ya kuandikisha na kuendesha uchaguzi imwezeshe mwenye haki, isimnyime. Walioiandika walijua vema tofauti ya kuvua na kuzuia.

Na wazee wetu kabla ya Uhuru? Mara nyingi tunasoma kwamba wakoloni waliwafanya kuwa "disenfranchised". Kwa usahihi, hapana. Hawakuwa wamewahi kupewa. Uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 uliweka masharti ya kipato cha paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika nafasi fulani ya kazi, na kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ndiyo ile kura tatu iliyowagawanya wanachama wa TANU kule Tabora mwezi Januari mwaka ule. Mkulima wa kijijini alikuwa nje. Huyo tunasema alinyimwa, na ubaya wa kunyimwa si mdogo kuliko ule wa kuvuliwa. Tunatenganisha maneno ili kila dhuluma iitwe kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye neno ambalo sisi Wakatoliki tungepaswa kuwafundisha wengine, nalo ni "suffrage". Waingereza wenyewe hulikosea, wakidhani linatokana na neno lao la kuteseka, hasa kwa kuwa wanawake waliodai kura mwanzoni mwa karne ya 20 waliteseka kweli magerezani. Gazeti moja la London liliwabandika mwaka 1906 jina la "suffragette" kwa dhihaka, nao wakalitwaa wakalivaa kama nishani. Lakini shina lake ni la Kilatini, "suffragium", lenye maana ya kura na pia ya msaada au utetezi. Anayempigia mtu kura anamsaidia kwa sauti yake.

Maana hizo mbili zimehifadhiwa ndani ya Kanisa hadi leo. Askofu wa jimbo lililo chini ya Jimbo Kuu huitwa askofu sufragani, kwa kuwa ana sauti katika mtaguso wa kanda yake pamoja na askofu mkuu. Na kila mwezi Novemba tunapotoa Misa, sala na sadaka kwa ajili ya marehemu waamini walioko toharani, Kanisa huyaita matendo hayo kwa Kilatini "suffragia". Tunawapigia kura wasioweza tena kujisemea. Tunakiri kwamba tuliposomeshwa jambo hilo seminarini tuliliandika daftarini kama neno la mtihani. Tulilielewa miaka mingi baadaye, kaburini, tukiwa na familia isiyokuwa na kitu cha kutoa isipokuwa rozari.

Sheria za Kanisa nazo zina lugha yake kuhusu kupata na kuondolewa kura. Husema "sauti". Mwenye sauti ya kutenda anaweza kuchagua. Mwenye sauti ya kutendewa anaweza kuchaguliwa. Watawa wanaosoma makala hii wanalijua hilo kuliko sisi: kanuni ya 687 inasema mtawa aliyeruhusiwa kuishi nje ya shirika kwa muda hukosa sauti zote mbili. Kanuni ya 171 inawataja wasioweza kupiga kura, miongoni mwao asiyeweza kutenda tendo la kibinadamu, na aliyetengwa na Kanisa kwa hukumu au kwa tamko. Na marekebisho ya sheria za adhabu yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021 yameweka wazi, katika kanuni ya 1336, kwamba mtu aweza kukatazwa kutumia sauti hizo kama adhabu. Huko ndiko kuvuliwa kwa maana kamili.

Tukio lililo mashuhuri zaidi halikuwa adhabu. Tarehe 21 Novemba 1970 Papa Paulo VI aliagiza kwamba makardinali waliotimiza miaka 80 wasiingie tena katika uchaguzi wa Baba Mtakatifu, kuanzia tarehe 1 Januari 1971. Kardinali Ottaviani alikuwa ametimiza miaka 80 majuma machache tu kabla ya tangazo. Yeye na Kardinali Tisserant, aliyekuwa na miaka 86, hawakuficha uchungu wao. Nani awalaumu? Walikuwa na haki, ikaondolewa wangali hai na wenye akili timamu. Hata hivyo sheria ile haikumlenga mtu, ilikuwa moja kwa wote, na kila kardinali tangu wakati huo anaijua siku yake. Mwadhama Laurean Rugambwa, aliyeingia katika chaguzi zote mbili za mwaka 1978, alifikia umri huo mwaka 1992. Mwadhama Polycarp Pengo aliufikia mwezi Agosti 2024, hivyo mwezi Mei 2025 aliyeingia kupiga kura kutoka Tanzania ni Mwadhama Protase Rugambwa. Sisi tunaliona agizo la Paulo VI kuwa la haki, ingawa tungali tunamwonea huruma Ottaviani.

Upande wa kupewa, mwezi Oktoba 2023 wanawake 54 walipiga kura katika Sinodi ya Maaskofu, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hilo ndilo "enfranchise" lililotendeka mbele ya macho yetu.

Tungependa kuitaja pia kanuni ya 166, kwa sababu inajibu swali ambalo sheria nyingi za dunia hulikwepa: itakuwaje ikiwa mwenye haki hakuitwa? Uchaguzi ni halali. Lakini mtu huyo akilalamika katika muda uliowekwa, na akathibitisha kwamba alirukwa na kwamba hakuwepo kwa sababu hiyo, mamlaka husika lazima iufute, hata kama mtu aliyechaguliwa amekwisha kuthibitishwa. Wakirukwa zaidi ya theluthi moja, uchaguzi ni batili kwa nguvu ya sheria yenyewe, isipokuwa kama wote waliorukwa walihudhuria kweli. Karatasi ya mwaliko iliyosahauliwa mezani kwa katibu inahesabiwa kuwa jambo zito. Viongozi wa Halmashauri ya Walei wanaopanga uchaguzi wa parokia kwa tangazo moja la haraka baada ya Misa ya pili wangefanya vema kuisoma.

Limebaki tumizi moja la siku hizi. Kiingereza cha magazeti huwaita vijana wasio na ajira, au watu wa pembezoni, "disenfranchised", ingawa kadi zao za kura ziko mfukoni. Maana yake ni kwamba wanajiona hawana sauti. Wapo wanaolichukia tumizi hilo. Sisi tunalivumilia, ila katika tafsiri tunaandika "waliotengwa" au "wasiosikilizwa", tusije tukamfanya msomaji aamini kwamba kuna sheria iliyowafuta. Msomi wa Marekani, Kenneth Doka, alilipeleka neno hilo mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1989, akizungumzia majonzi ambayo jamii hayatambui kuwa ni majonzi: mama aliyeharibikiwa na mimba na kuambiwa anyamaze, au mfanyakazi wa ndani anayemlilia mtoto aliyemlea asiye wake. Kila padre amekutana na watu hao msibani, wamekaa nyuma kabisa, hakuna anayewapa pole.

Turudi semina. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaiweka kura miongoni mwa wajibu wa kimaadili wa raia, pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi. Kwa sababu hiyo neno la kijitabu halikuwa suala la sarufi pekee. Mwishoni sentensi yetu iliandikwa hivi: "Hakuna raia apaswaye kunyimwa haki yake ya kupiga kura, wala kuvuliwa pasipo haki, wala kuzuiwa kuitumia." Imekuwa ndefu mara tatu kuliko ile ya Kiingereza, na mhariri alinung'unika kuhusu nafasi. Chini yake mwalimu mstaafu aliongeza mstari mmoja kwa ajili ya mzee wetu: "Aliyepotewa na kadi hajapoteza haki, aende akaombe kadi nyingine wakati wa kuboresha daftari." Mzee aliomba asomewe mara mbili, kisha akauliza ofisi hiyo hufunguliwa saa ngapi.